Mama anasema ana mawazo mengi: je, Bukavu kuna msaada wa mazungumzo kwa mtu ambaye si mwenda wazimu?

Binti wa Kadutu

Ndugu zangu wa Bukavu, ninawasalimu kwa heshima. Mama yangu ana miaka 54, na amekuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu tangu nilipokuwa mtoto. Vita vilipofika mjini mwetu Februari 2025, mdogo wangu wa kiume aliondoka nyumbani bila kuaga, na tangu siku hiyo mama amekuwa akibadilika polepole, kiasi kwamba hata sisi tunaolala naye nyumba moja tulichelewa kutambua. Saa nane za usiku ninamkuta ameketi kitandani, taa ya simu ikiwaka, akihesabu pesa alizokwisha kuzihesabu jioni. Sokoni amemrudishia mteja mmoja baki mara mbili, yeye ambaye zamani alitambua noti kwa kuigusa tu. Anasema ana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto na moyo unamwenda mbio. Kila aendapo dispanseri anaandikiwa dawa. Juzi nilifungua sashe anamoweka karatasi zake, nikakuta tisa, na saba kati yake zinasema malaria.

Jirani alipotaja SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, mama alilia. Alisema kwamba siku atakayoonekana akishuka pikipiki mbele ya lango lile, hakuna tena mtu wa avenyu yetu atakayenunua samaki wake. Ninaomba kujua: kuna msaada gani, karibu na tunapoishi, kwa mtu mzima anayefanya kazi, anayepika na kusali kama kawaida, lakini ambaye usingizi umemkimbia? Ninyi mliopitia haya mlianzia wapi?

Muuguzi wa Bagira

Dada, pole sana, na umpe mama salamu zetu. Nitakujibu kama mtu aliyefanya kazi katika sentre ya afya kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuandika malaria kwenye karatasi kama hizo. Mgonjwa anaingia akisema kichwa, moyo na uchovu, nje kuna watu thelathini wanangoja, na wewe unatibu kile ambacho una dawa yake.

Anzeni katika sentre ya afya ya karibu, wala si kwenye hospitali kubwa. Ombeni kwanza apimwe presha, sukari na damu, kwa sababu upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingo huleta moyo kwenda mbio na kukosa usingizi vilevile. Baada ya hapo mwambieni muuguzi waziwazi kwamba mama hajalala tangu mwanawe aondoke. Bila sentensi hiyo atarudi na karatasi ya kumi. Tangu mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutambua huzuni nzito na hofu na kuanza kuzitibu, bila kungoja daktari bingwa. Ulizeni pia kama sentre ina APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Msipompata hapo, ulizeni reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa avenyu yenu, maana hao wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo ndio wanaojua ni parokia gani au chama gani cha akina mama kina kikundi cha mazungumzo. Kuhusu gharama sitataja bei, kwa kuwa inategemea kama sentre ina mfadhili mwezi huo.

SOSAME, inayoendeshwa na watawa Wakatoliki wa Frères de la Charité kama hospitali ya akili ya Tulizo Letu ya Goma, inapokea pia watu wanaokuja asubuhi, wanaongea na mtaalamu, kisha wanarudi nyumbani. Lakini sitamlazimisha mama. Mlango anaokubali kuupita ndio mlango wa kuanzia.

Mzee wa Nguba

Nimesoma kwa makini, na mnisamehe nikiwa mkavu. Maneno hayamrudishi mtoto. Tena katika mji huu, jambo ukilisema mbele ya wanawake wanane asubuhi, jioni limefika hadi mtaa wa Essence. Dada yangu aliwahi kupelekwa kwenye chumba kimoja cha maombi, akakatazwa dawa zake, na siri zake zikageuzwa kuwa ushuhuda mbele ya waumini. Sipingi maombi, mimi mwenyewe ninasali. Ninauliza tu: hao APS waliofundishwa majuma mawili wana nini cha kumpa mtu ambacho shangazi yake hana?

Mama wa Muhungu

Mzee wangu, swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa yale niliyoyaona, kwa kuwa nilikaa katika kikundi cha namna hiyo. Tulikuwa wanawake saba katika darasa la shule ya msingi, baada ya watoto kutoka, tumeketi kwenye madawati yanayobana magoti. Siku ya kwanza hatukusimulia lolote. Tulikubaliana kuhusu siri: linalosemwa ndani linabaki ndani, na tukikutana sokoni tutasalimiana tu kama majirani. Atakayevunja anatoka. Hakutoka mtu.

Mimi nilikuwa nimebeba sentensi moja kwa miaka: «Ni mimi niliyemuua mume wangu, kwa sababu ndimi niliyemtuma kununua makaa siku ile.» Shangazi zangu wote walinijibu: «Usiseme hivyo, mwachie Mungu.» APS hakusema hivyo. Aliniuliza: «Asubuhi ile, ulipomtuma, ulijua nini?» Nikanyamaza. Akanipa swali hilo nilibebe nyumbani juma zima, kisha nikalirudisha mbele ya wenzangu. Nilipojibu kwamba sikujua lolote isipokuwa kwamba makaa yalikuwa yamekwisha, mama mmoja aliyekuwa amebeba sentensi inayofanana na yangu akaanza kulia kabla yangu. Hiyo ndiyo tofauti, Mzee: shangazi anafunga jeraha haraka ili usilie, APS analifungua taratibu kwa mpango.

Msaikolojia wa Ibanda

Ninaongeza juu ya maneno ya Mama wa Muhungu, maana yana uthibitisho uliotoka hapahapa kwetu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi walipata msaada wa mmoja mmoja. Wengine walipata tiba ya kikundi, vikao 11 vya pamoja na kimoja cha faragha, ikiongozwa na wanawake Wakongomani ambao si madaktari. Miezi sita baada ya tiba, dalili za huzuni nzito au hofu zilibaki kwa asilimia 42 ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 9 tu ya kundi la pili. Makundi yote mawili yalisikilizwa na watu wenye huruma. Kilichotofautiana ni mbinu.

Dada, mambo mawili yananitia wasiwasi. La kwanza ni diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Ikiwa mama ameanza kuinunua kwenye vifarmasi vya barabarani ili alale, asiizoee, lakini pia asiiache ghafla ikiwa ameitumia kwa majuma. Mwambieni muuguzi ampunguzie. Na akianza kusema kwamba angependa kufa, au kuaga watu, au kuacha kula, msingoje kikundi: mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama ni lango lile analoliogopa, na asibaki peke yake.

La pili ni mdogo wako. Mzee amesema maneno hayamrudishi mtoto, na hapo ninamuunga mkono zaidi kuliko anavyodhani. Mama huyu haombolezi, anangoja, na anayengoja hawezi kuambiwa azoee. Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwatafuta watu waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Nendeni mkaandikishe jina lake. Nimewaona wazazi walioanza kulala siku walipojua kwamba kuna mtu mwingine pia anayetafuta.

Binti wa Kadutu

Ninawashukuru wote, na wewe pia, Mzee. Jana usiku nilimsomea mama jibu la Mama wa Muhungu, nikaruka la kuhusu utafiti. Aliniomba nirudie sehemu ya makaa. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema: asubuhi ile, alimgombeza mdogo wangu kwa sababu ya beseni la sambaza lililomwagika. Kuhusu diazepam, nilimuuliza, naye akanionyesha kipande cha karatasi chenye vidonge vinne, alivyonunua juma lililopita. Bado hajameza hata kimoja. Alhamisi tunakwenda Msalaba Mwekundu kwanza, halafu sentre ya afya, kwa mpangilio huo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Amesema tutoke saa kumi na mbili, ili arudi kabla sambaza haijafika sokoni.