Italia ya kusini na bajeti ndogo, tulale wapi?

Habarini wakubwa, niko Kisumu, mimi na wife tumeweka akiba miaka miwili na Septemba tunataka kwenda Italia ya kusini, ule upande wa bahari. Hoteli za Positano nimeona bei nikashtuka. Tulale wapi jamani?

Jibu, Nakuru:
Laleni Salerno, si Positano. Ni mji wa watu wa kawaida, treni ya kutoka Napoli inafika, asubuhi mnachukua feri mpaka mji wa Amalfi, huko karibu na Positano, jioni mnarudi, na hiyo safari ya maji peke yake shemeji ataipenda sana. Lakini tikiti ya karatasi ya treni za mkoa lazima uipige muhuri kwa mashine ya stesheni kabla hujapanda, sisi hatukujua tukapigwa faini, iliniuma.

Jibu, Kakamega:
Mimi naona Puglia, ule mkoa wa kisigino cha Italia, ni afadhali. Bari, Polignano a Mare na Monopoli ziko kwa laini moja ya treni, na focaccia ya Bari, ule mkate bapa wenye nyanya, inashibisha kabisa. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi jirani za Ulaya, ni yuro 90 kila mtu, na bima ya safari iwe inalipia matibabu ya angalau yuro 30,000, kwa hivyo anzeni mapema.