"Supposed to" ni kudhani au ni kutakiwa? Naomba msaada

kliaringi_malaba
Habari zenu ndugu zangu. Mimi nafanya kazi ya kliaringi, yaani kupitisha mizigo ya wateja forodhani, hapa mpakani Malaba na meseji nyingi za wateja zinakuja kwa Kiingereza, sasa leo tumebishana sana ofisini. Mteja ameandika "The container was supposed to leave Mombasa on Tuesday". Mwenzangu anasema huyu mteja anadhani tu kwamba kontena ilitoka Jumanne, maana suppose ni kudhani, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi naona mtu amekasirika, anasema ilitakiwa itoke na haijatoka. Nani yuko sawa? Na kama ni mimi, hiyo maana ya kutakiwa imetoka wapi wakati neno lenyewe ni kudhani? Nataka nielewe kabisa kabla sijamjibu, mteja ukimjibu kitu hakuuliza anatafuta ofisi nyingine.

mwalimu_jinja
Wewe ndiye uko sawa ndugu yangu. Suppose ikiwa na mtu mbele yake, "I suppose", "they suppose", hapo ni kudhani kweli. Lakini ukiona am, is, are, was au were, halafu supposed, halafu to, hapo hakuna mtu anadhani kitu, ni mpango uliowekwa, au sheria, au kazi ya mtu. "You are supposed to wear a helmet" abiria wa boda hawezi kusema alidhani ni maoni ya mtu. Na ikiwa na was au were basi mara nyingi sana jambo lenyewe halikufanyika, ndiyo maana wewe umesikia hasira ndani yake, na masikio yako hayajakudanganya.

Kuhusu imetoka wapi, angalia hata Kiswahili chetu. Ukipata barua imeandikwa "unatarajiwa kufika saa mbili kamili", kuna mtu anakaa nyumbani akisema ah, wao wanatarajia tu? Watu wakishakutarajia ufanye kitu kinageuka kuwa wajibu wako, Kiingereza nacho kimepita njia hiyo hiyo. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, likapitia Kifaransa, na kule mwanzo lilikuwa ni kuweka kitu chini ya kingine kama msingi. Hiyo maana bado iko kwenye hesabu, mwalimu akiandika "Suppose x is 5" hadhani chochote, anasema tuweke hivyo kwanza halafu tuone tunafika wapi. Sisi tungesema tuseme, au chukulia.

Halafu jambo moja linaniuma kama mwalimu, watoto wanaandika "I am suppose to" bila d. Wanaandika wanachosikia, kwa sababu ukiongea haraka ile d inamezwa na t inayofuata inabaki "saposto". Kwa mdomo hakuna shida ila kwenye karatasi d lazima iwepo.

karani_tororo
Mwalimu amesema vizuri, naongeza upande wa kukataza maana huku kwetu mahakamani ndipo watu wanaumia. "You are not supposed to enter" watu wanaichukua kama si lazima uingie, ukitaka ingia. Hapana, ni hairuhusiwi. Si lazima ni "you don't have to", ni vitu viwili tofauti kabisa.

Pia kuna "the supposed owner of the motorcycle", hapo ni yule anayedaiwa kuwa mwenye pikipiki, bado haijathibitishwa, na wengi wanalitamka kwa silabi tatu, sa-po-zid. Msichanganye na presume. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 28, inasema mshtakiwa ni "presumed to be innocent", yaani sheria yenyewe inamchukulia hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Huyo hakimu hakisii, ameamriwa aanzie hapo.

mama_arua
Mimi nimefanya kazi miaka mingi na mashirika ya wakimbizi huku, mabosi wengine Waingereza, na hawa wana zao. Ukiomba ruhusa akakujibu "I suppose so", hiyo ni ndiyo ya shingo upande, amekubali lakini roho haijapenda, usiende kushangilia. Akikuambia "I don't suppose you could print this for me?" wageni wanafikiri anasema hawezi kudhani unaweza, wananyamaza, kumbe hilo ni ombi la heshima sana, anataka uprinti sasa hivi. Na "Suppose we start at eight?" ni pendekezo, je tukianza saa mbili?

kliaringi_malaba
Asanteni sana, mama na walimu wangu wote. Sasa mwenzangu bado hajakubali, ananionyesha hii: "The new yard is supposed to be very safe". Anasema hapo wajibu uko wapi?

mwalimu_jinja
Mwambie amepata kitu cha kweli. Hapo ni inasemekana, watu wanaisifu hiyo yadi kwamba ni salama ila anayeongea hajaona kwa macho yake, na saa nyingine ana shaka kidogo. Hii inakuja sana na "to be" na sifa baada yake, basi angalia sentensi nzima.

Kwa hiyo ukimjibu mteja wako usiandike "We suppose it will arrive on Friday", atasikia kwamba mnabahatisha mzigo wake. Hata "it is supposed to arrive on Friday" ina mlango wa kutokea, ni kama unasema isipofika usinilaumu. Kama dreva amekuthibitishia andika "It will arrive on Friday", kama hajathibitisha andika "We expect it on Friday", na mweleze kwanza Jumanne ilikwama kwa nini.

mama_arua
Na sorry iwekwe mwanzo kabisa, si mwisho. Hao wanaanza kusoma hapo.