Je, shirika lisilo la kiserikali nalo huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?

Mhasibu wa Nyanda za Juu: Wakuu, habari za jioni. Ninatunza hesabu za shirika dogo mkoani Iringa ambalo halifanyi biashara wala haligawani faida. Naomba kufahamishwa kama sheria inatulazimisha kuchangia Mfuko, maana mwenyekiti wa bodi anashikilia kwamba mashirika ya aina yetu hayahusiki.

Karani Mstaafu: Yanahusika. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inamgusa kila mwajiri wa Tanzania Bara, awe anatafuta faida au hatafuti. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara mwaka 2015, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022, na fedha hiyo hutolewa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi hata senti. Kwa nini unauliza leo? Kuna mtu ameumia?

Mama Shamba Darasa: Mashirika haya yamezidi. Semina mnafanyia hotelini, lakini mtu akiumia mnapitisha bakuli. Nilipokuwa mhamasishaji wa afya nilianguka na baiskeli nikajitibu kwa fedha za mume wangu, na mratibu alichoulizia ni kama madodoso yamelowa.

Mhasibu wa Nyanda za Juu: Pole sana, dada. Ni kweli yupo kijana aliyepata ajali ya pikipiki wiki iliyopita akitoka kukagua vikundi vya wakulima, akavunjika paja. Hata hivyo yeye si mwajiriwa, ni wa kujitolea, na tunampa posho tu. Tumekwisha kuandaa hati ya kumpatia kifuta jasho ili akiri kwamba hatadai tena, na ndugu zake hawana pingamizi.

Karani Mstaafu: Posho hiyo hulipwa lini, na pikipiki ni ya nani?

Mhasibu wa Nyanda za Juu: Hulipwa kila mwisho wa mwezi, kiasi kile kile. Pikipiki ni ya shirika, na daftari la mahudhurio husainiwa kabla ya saa mbili asubuhi. Lakini vocha zote zimeandikwa wazi "posho ya kujitolea", na bajeti ya mfadhili haina fungu la mchango huo. Mlitaka tufanyeje?

Kijana wa Mafinga: Kumbe kujitolea nako kuna saa ya kuripoti!

Karani Mstaafu: Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Anayefanya kazi kwa maelekezo yako, au kwa vifaa vyako, au kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka uthibitishe vinginevyo, hata kama mkataba unamwita jina jingine. Hati yenu itakuwa ushahidi kwamba mlijua. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na majeruhi mwenyewe ana miezi 12 ya kudai.

Mshauri Huru: Wakuu, mimi naona hii ni chai. Paja limevunjika wiki iliyopita, na tayari hati imeandikwa na ukoo mzima umeridhia? Huyu ni mwanafunzi wa sheria anayetafuta majibu ya mtihani.

Mama Shamba Darasa: Hata kama ni chai, sukari yake naijua.

Mhasibu wa Nyanda za Juu: Sina muda wa kutunga hadithi. Juzi nilipeleka hati wodini, mama yake akauliza nani atalipia siku ya kutoa chuma mguuni, nami sikuwa na la kumjibu. Nitaishauri bodi tujisajili kuanzia mwezi huu, ila suala la kijana tulimalize wenyewe kwa wenyewe.

Karani Mstaafu: Mkijisajili mwezi huu huku mmeificha ajali hiyo, mtakuwa mmeongeza kosa juu ya kosa. Wiki iliyopita, siku gani?