Naomba ushauri: kufundisha mashine ya kupumulia ICU

Hamjambo madaktari. Hapa Mombasa tunaandaa mafunzo ya madaktari wanaobobea kwa wagonjwa mahututi, tumekwama kwenye mashine ya kupumulia. Kosa ni lile lile: kwa mgonjwa wa ARDS (mapafu kushindwa ghafla kupitisha oksijeni kwa sababu ya uvimbe), kipimo cha pumzi, yaani hewa inayosukumwa kila pumzi, hupigiwa hesabu kwa uzani wa mizani. Mwanamume wa sentimita 170 na kilo 95 huwekewa mililita 570, ilhali mapafu hayanenepi na mwili! Kwa urefu wake uzani unaokadiriwa ni kilo 66, mara mililita 6 kwa kila kilo, kama mililita 400. Halafu shinikizo la pumzi iliyosimamishwa (hewa ikishikiliwa kidogo mapafuni baada ya kuingia), lisilopaswa kupita sentimita 30 za maji, husomwa mgonjwa akijivutia pumzi mwenyewe, namba inadanganya. Je, tuanzie pafu bandia au moja kwa moja kitandani? Na mwanafunzi mmoja apewe vitanda vingapi?