Watafiti wa elimu ya sayansi, ni nani aliyewasikiliza wanafunzi wetu?

Wanajukwaa,

Nafungua uzi huu kwa hasira, na sioni haja ya kuificha. Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Biolojia katika shule ya upili ya kutwa viungani mwa Kisumu. Mwaka uliopita tulimpokea mtafiti wa shahada ya uzamili kutoka chuo kikuu kimoja cha ukanda huu wa magharibi, aliyekuja kuchunguza iwapo masomo yaliyoandaliwa kwa msaada wa akili unde yanawasaidia wanafunzi wa kidato cha tatu kuielewa sayansi. Alikuja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, mkononi na fomu za ridhaa za wazazi. Tulimpa darasa, tukampa vipindi, na kwa kuwa wazazi walitaka mwalimu awepo watoto wakihojiwa, nilikaa pembeni mwa maabara nikisikiliza mahojiano yote. Sasa tasnifu yake imewekwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo. Nimeisoma hadi mwisho, na wanafunzi wangu siwaoni humo.

Katika mahojiano, watoto walizungumza jinsi wanavyozungumza siku zote: Kiswahili, Dholuo na Kiingereza katika sentensi ile ile, wakisita, wakijirekebisha, wakicheka. Katika tasnifu, wote wananukuliwa kwa Kiingereza laini kisicho na doa, kana kwamba ni mtu mmoja aliyebadilishiwa namba tu. Mwanafunzi mmoja aliulizwa kwa nini jiwe hufika chini kabla ya karatasi. Alijibu kwamba hewa huizuia karatasi kwa kuwa imetandazika, kisha bila kuombwa na mtu akaifinyanga ikawa donge, akaviangusha vyote viwili kwa pamoja, navyo vikafika chini karibu wakati mmoja. Mtahini yeyote angempa alama zote. Tasnifu imemweka katika jedwali la dhana potofu, na inadai kwamba anaamini kitu kizito huanguka upesi kwa sababu ya uzito wake.

Hakusema hivyo. Lakini aliyewahi kusoma taaluma hii anajua maneno hayo yametoka wapi. Dhana hiyo imeandikwa na kurudiwa kwa miongo mingi katika tafiti za Marekani na Uingereza, kwa hiyo programu iliyofunzwa kwa maandishi hayo na kuzoezwa kukisia maneno yanayoelekea kufuata, ikikutana na mtoto, jiwe na karatasi, itaandika kile kilichokwisha kuandikwa mara nyingi. Sura ya tatu yenyewe inakiri, kwa sentensi moja iliyojificha katikati ya aya, kwamba rekodi zilinukuliwa, zikatafsiriwa na kupangwa kimaudhui na modeli ya akili unde. Hakuna mahali panaposema kwamba kuna binadamu aliyerudi kuzisikiliza.

Mwingine, ambaye mjomba wake anafuga samaki katika vizimba ziwani, aliulizwa kuhusu upumuaji. Akaeleza kwa nini samaki wa vizimba hufa kwa wingi ilhali chakula kipo: mabaki yanayooza hula oksijeni ya maji ya chini, upepo mkali ukiyavuruga maji hayo hupanda juu, na samaki aliyezingirwa na nyavu hana pa kukimbilia. Mtafiti mwenyewe aliacha kuandika akawa anamtazama tu. Maelezo hayo hayamo katika tasnifu, hata mstari mmoja. Kilichomo ni hitimisho kwamba wanafunzi hawakuweza kuhusisha dhana za sayansi na mazingira yao. Hii ni shule ambayo ziwa linaonekana kutoka dirisha la maabara!

Nisieleweke vibaya. Sipingi akili unde, na mimi mwenyewe huitumia kutunga maswali ya mazoezi, ingawa hulazimika kuyasahihisha. Kinachonikera ni kwamba taaluma ya utafiti wa elimu ya sayansi ilijengwa na watu waliokaa na watoto na kuwasikiliza. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliwahoji watoto kuhusu jua, mwezi na upepo katika miaka ya 1920. Rosalind Driver na wenzake kule Leeds, Uingereza, walitumia miaka mingi kuchunguza jinsi wanafunzi wanavyojieleza kuhusu joto, mwanga na mwendo, na wakaonyesha kwamba jibu lililokosewa mara nyingi lina mantiki yake. Ukiondoa kusikiliza, sijui kinachobaki kinastahili kuitwa utafiti wa nini.

Kuna pia suala la majaribio, ambalo kwangu ni kashfa. Jaribio la awali, kabla ya masomo hayo ya akili unde, lilifanyika darasani, kwa karatasi, bila simu, nami nikisimamia. Maswali mengi yalichukuliwa kutoka Force Concept Inventory, jaribio maarufu la fizikia lililochapishwa mwaka 1992 na David Hestenes na wenzake. Jaribio la mwisho, lenye maswali yale yale, lilitumwa kama kiungo kwenye simu za wazazi wakati wa likizo, kwa sababu mtafiti alikuwa amechelewa na hakutaka kurudi. Maswali hayo yamejadiliwa mtandaoni kwa miaka mingi, na tangu ChatGPT itolewe tarehe 30 Novemba 2022, mtoto yeyote aliyeshika simu ya mamake anaweza kubandika swali na kupewa jibu pamoja na maelezo. Alama zikapanda, bila shaka. Tasnifu inasherehekea kupanda huko kama ushahidi kwamba masomo ya akili unde yamefaulu, na hakuna anayejiuliza kama kilichopimwa ni mwanafunzi au ni simu. Shule yetu inasifiwa kwenye ukurasa wa shukrani. Tumevishwa kilemba cha ukoka.

Orodha ya marejeleo sitaichambua sana. Baadhi ya makala nimezitafuta: majarida yapo kweli, lakini kurasa zilizotajwa zina kazi ya watu wengine kabisa.

Wazazi je? Fomu waliyotia sahihi, wengine kwa kidole gumba, ilisema kwamba sauti za watoto wao zingehifadhiwa katika kompyuta ya mtafiti yenye nywila na kufutwa baadaye. Haikutaja kwamba zingepakiwa kwenye huduma ya kampuni ya ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na inaweka masharti kabla ya data ya mtu kuvushwa nje ya nchi. Idhini ya jambo moja haigeuki kuwa idhini ya jambo jingine eti kwa sababu mtafiti ana haraka ya kuhitimu. UNESCO nayo ilitoa mwongozo kuhusu akili unde katika elimu na utafiti mnamo Septemba 2023, na faragha ni miongoni mwa mambo uliyoyasisitiza. Kwa hiyo asije mtu hapa kutuambia kwamba teknolojia ni mpya mno na hakuna aliyejua.

Simlaumu kijana huyu peke yake. Ana msimamizi aliyetia sahihi, na ana watahini waliokaa kwenye utetezi wa tasnifu. Je, kuna hata mmoja wao aliyeomba kusikia dakika chache za rekodi na kuzilinganisha na nukuu? Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde Machi 2025, na watakaotafuta ushahidi wa madarasa ya Kenya watakutana na tasnifu kama hii. Wataamini kwamba watoto wa kando ya ziwa hawajui kwa nini samaki wanakufa, kisha wataandaa mafunzo ya walimu juu ya msingi huo.

Nimemwandikia msimamizi barua kupitia kwa mwalimu mkuu. Nimeomba mambo mahususi: rekodi zisikilizwe upya na mtu anayejua Kiswahili na Dholuo, jedwali la dhana potofu lirekebishwe, matokeo ya jaribio la mwisho yaondolewe, na wazazi waelezwe kwa maandishi sauti za watoto wao zilipelekwa wapi. Jibu bado. Wakati huo huo, barua ya mtafiti mwingine kutoka chuo kile kile imefika ofisini, akiomba kidato cha tatu kwa mada inayokaribia kufanana na ile. Nimemshauri mwalimu mkuu asiitie sahihi hadi pendekezo la utafiti litaje kwa jina programu itakayotumika, data itakayoingizwa humo, na mtu atakayehakiki kila nukuu dhidi ya rekodi.

Walimu wa Kakamega, Busia, Siaya na Nakuru mliopokea watafiti wa aina hii, tafuteni tasnifu zilizotoka shuleni kwenu mzisome, kisha mwandike hapa mlichokikuta. Na wahadhiri mlio humu jukwaani, nawasubiri.