Sipiyu ya mnara: isimame au ilale?

Chipukizi_Kisauni: Shikamooni mafundi. Meza ni fupi, nataka kuilaza sipiyu ya mnara (kasha refu la kompyuta) halafu monita ikae juu. Ina DVD na hadidiski (diski ya kuhifadhia data) moja. Kuna madhara?

Fundi_Likoni: Marahaba. Ilaze, ila chagua ubavu. Itazame kwa mbele: madabodi (bodi kuu ya saketi) kwa kawaida imefungwa kulia, basi kulia ndiko kuwe chini. Kadi ya picha itasimama wima, haitaning'inia na kuivuta soketi yake. Hadidiski haijali ikisimama au ikilala, mradi skrubu zake 4 zimebana. Zima na uchomoe waya kwanza. Kuigeuza sahani za ndani ya hadidiski zikizunguka ndiko kunakokwaruza diski.

Mama_Saiba: DVD sasa itakaa wima. Kwenye trei mna vijino vidogo pembeni, vitokeze ndipo uweke sidii. Ile ndogo ya sentimita 8 usithubutu, itadondoka ndani.

Fundi_Likoni: Kweli. Na monita juu? Angalia kifuniko cha kushoto kwanza. Kikiwa na matundu, ukikiziba joto litakosa njia, feni zipige kelele na mashine ijizime. Bati likibonyea kwa kidole, pia usiweke. Feni ya pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme ndani) ikivuta hewa kutoka chini ya mnara, sasa itavutia ubavuni, kwa hiyo acha kama sentimita 10 hadi ukutani.

Baharia_254: Bandika miguu ya mpira 4 upande wa chini. Kwa chumvi ya hewa yetu hapa Mombasa, bati likikwaruzika tu, kutu hiyo.