Moda kanifutia hadi SALAMU!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule moda (msimamizi) wa ile tovuti ya maswali na majibu mnamjua, sina haja ya kumtaja, nusu ya humu mmeshapita mikononi mwake.

Nimeuliza swali la kistaarabu kabisa: nikiandika 1/2 kwenye jedwali la kompyuta inageuka tarehe, nifanyeje ibaki nusu? Nikaanza na "Habari zenu wakuu", nikamaliza na "Natanguliza shukrani". Nageuka kidogo, narudi, salamu haipo. Shukrani nazo hazipo. Eti "si sehemu ya swali". Salamu, jamani! Nimebisha hodi, mtu kaja kaifagia hodi yenyewe.

Kisha akalifunga: "Limeshaulizwa." Nafungua kiungo, ni la mwaka 2011, mtu analalamika tarehe zake zinageuka namba. Mimi na yeye tumefanana kama mwenye kiu na anayezama. Jibu ni moja tu, la muulizaji mwenyewe: "Nimeshapata, asanteni." Kapata nini, hasemi. Lakini asante yake ipo, inapeta tangu 2011. Yangu ndiyo uchafu.

Mtu ana roho gani hadi afute salamu?

Kiazi Kitamu: Nimekaa paleee. Endelea mkuu.

Mzee wa Hoja: Povu lote hili kwa 1/2? Andika 0, ruka nafasi, ndipo uandike 1/2. Kwisha.

Mleta uzi: Hapa sijauliza hilo. Naongelea salamu!

Bundi: Huyo si moda. Kule watu watatu wenye pointi 3,000 wakipiga kura, swali linafungwa. Kwa hiyo umechukiwa na watu watatu, usimsingizie mmoja.

Mama Kelele: Salamu tu unalia? Mimi nilikesha naandika jibu, asubuhi swali likafutwa, jibu langu likazikwa nalo. Hata matanga hakuna.

Jongoo: Mimi nilikula bani (nilifungiwa) kwa kuuliza kwa nini nimekula bani.

Kiazi Kitamu: 😂😂 Jongoo hapana

Mpole: Samahanini, tukiwa humu humu, jedwali langu limejaa #### mahali pa namba. Ni virusi?

Mzee wa Hoja: Panua safu.

Mpole: Imekubali!! Na ule mstari wa juu wenye vichwa, naufungaje usipotee nikishuka chini?

Mleta uzi: Hata mimi huo unanisumbua.